Barua iko wapi sasa hivi? Kutafuta tatizo la barua pepe na kalenda kwenye kompyuta ya ofisi

Msimu wa mvua uliopita niliitwa Mafinga, kwenye ofisi ndogo ya wauza mbao. Usiku wake umeme ulikuwa umekatika. Asubuhi karani alipowasha kompyuta, Thunderbird, programu yake ya barua pepe, ikagoma kuunganika na seva, ile kompyuta ya mbali inayopokea na kutuma barua, ikawa inaleta onyo la cheti cha usalama. Alijaribu mara tatu, mara nne, kisha akafanya kile ambacho wengi hufanya: akaifuta akaunti ili aiweke upya. Kwenye dirisha la kufuta pana kisanduku kinachouliza kama data ya barua ifutwe pamoja na akaunti. Akakitia tiki. Akaunti yenyewe ilikuwa ya POP, yaani barua za miaka saba zilikaa ndani ya mashine ile tu na kwenye seva hapakuwa na kitu. Oda, ankara, makubaliano ya bei, vyote vikaenda.

Nilipofika nilitazama saa kwenye kona ya skrini. Ilionyesha mwaka 2012. Betri ya ubao mama, ile ndogo ya duara inayoitwa CR2032, ilikuwa imekwisha, na umeme ulipokatika kompyuta ikasahau tarehe. Kubadilisha betri na kurekebisha saa kulichukua dakika kumi. Barua hazikurudi.

Tangu siku hiyo, kila ofisi ninayoingia, kuanzia Mwanjelwa hadi Makambako, naanza na ombi moja: tusifute akaunti mpaka tujue barua iko wapi.

Kwanza nakala, halafu kivinjari

Data ya programu inakiliwe kwenye diski ya nje kabla hujagusa mpangilio wowote. Thunderbird huweka kila kitu ndani ya folda moja. Ili kuipata, fungua menyu ya "Help", ingia "Troubleshooting Information", bonyeza kitufe cha kufungua folda, kisha funga programu ndipo unakili. Kwenye Outlook, programu ya barua ya Microsoft, nenda "File", halafu "Account Settings", halafu kichupo cha "Data Files". Hapo utaona faili liko wapi. Faili lenye mkia wa .pst lilinde kama mboni ya jicho, maana huenda hakuna nakala nyingine popote. Lenye mkia wa .ost ni kivuli cha yaliyoko kwenye seva, na likiharibika hutengenezwa upya. Kalenda ndiyo inayoweza kukuangusha hapo, na nitaieleza mwishoni.

Nakala ikishakuwa salama, fungua barua pepe hiyohiyo kwenye kivinjari, kwa kompyuta ileile na intaneti ileile. Jaribio hili la dakika moja linaokoa nusu siku. Barua ikionekana kwenye kivinjari lakini kwenye programu haipo, seva yenu ni nzima na tatizo liko kwenye programu au kwenye njia yake. Isipoonekana hata kwenye kivinjari, iache programu ya watu, haina kosa. Ama barua imeshapakuliwa na mashine nyingine, ama haijawahi kufika.

Inagoma kuunganika, au inaomba nywila kila dakika

Tazama saa na tarehe kabla ya kitu kingine chochote. Cheti cha usalama cha seva kina siku ya kuanza na siku ya kuisha, kwa hiyo kompyuta inayoamini kwamba tupo 2012 itakiona hakijaanza kutumika na itakikataa. Ukirekebisha saa na kesho yake ikarudi nyuma baada ya kuzima mashine kwenye soketi, betri imekwisha. Jambo hilohilo hutokea kwenye simu inayotoa namba za uthibitisho zinazobadilika kila sekunde 30: saa ya simu ikipotea hata dakika chache, namba zote zitakataliwa ingawa umeziandika sawasawa.

La pili ni bando. Nimeshapigiwa simu kutoka Tukuyu: "Fundi, intaneti ipo kabisa, mbona WhatsApp inaingia?" Kompyuta ilikuwa imeunganishwa na hotspoti ya simu, na kifurushi kilichokuwa kimenunuliwa kilikuwa cha mitandao ya kijamii tu. WhatsApp itapita, barua pepe haitapita. Fungua tovuti yoyote ya kawaida kwenye kivinjari. Isipofunguka, usihangaike na programu.

Saa ikiwa sawa, bando lipo, na programu bado inaomba nywila ambayo kwenye kivinjari inakubalika, basi huenda nywila yenyewe ni sahihi na mlango ndio uliobadilika. Google iliacha kupokea nywila ya kawaida kutoka programu za nje kwa akaunti binafsi tarehe 30 Mei 2022. Microsoft ilianza kufunga njia ya zamani kwa akaunti za kampuni Oktoba 2022, na kwa akaunti binafsi za Outlook.com ilifuata Septemba 2024. Sasa programu inapaswa kukufungulia ukurasa wa Google au Microsoft wenyewe, uingie humo, kisha ipewe kibali. Njia hiyo inaitwa OAuth2. Kwenye Thunderbird, fungua mipangilio ya seva ya akaunti yako na sehemu ya aina ya uthibitisho uchague OAuth2. Ruhusu vidakuzi pia, la sivyo ukurasa hautafunguka.

Outlook za zamani sana, na bado nazikuta ofisini, hazijui njia hiyo. Kwa Gmail kuna msaada: washa uthibitisho wa hatua mbili, kisha uiombe Google nywila ya programu, yenye herufi 16, uiandike mahali pa nywila ya kawaida. Kwa Microsoft msaada huo usiutegemee, badilisha programu.

Wanaotumia ile programu ya Mail iliyokuja na Windows 10 wajue kwamba Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2024. Hakuna cha kutengeneza pale. Thunderbird ni ya bure na inatosha kabisa kwa ofisi ndogo.

Zinaingia lakini hazitoki

Kupokea na kutuma ni njia mbili tofauti, zenye seva mbili na mara nyingi nywila mbili zilizohifadhiwa kila moja mahali pake. Dalili hii hujitokeza sana wiki ambayo ofisi imebadilisha nywila: karani anaandika mpya upande wa kupokea, barua zinaingia, anaona kazi imekwisha, kumbe upande wa kutuma bado unapeleka ile ya zamani. Kwenye Thunderbird fungua orodha ya nywila zilizohifadhiwa, ufute ile inayoanza na smtp peke yake, kisha tuma barua, itakuuliza upya.

Nywila ikiwa sawa, angalia poti, yaani namba ya mlango unaopitiwa na barua. Ya kutumia ni 587 yenye STARTTLS, au 465 yenye SSL/TLS, ambazo ni njia za kuificha barua ikiwa safarini. Ukikuta 25, badilisha. Hiyo ni ya seva kuzungumza na seva nyenzake, na kampuni nyingi za intaneti huifunga kwa wateja ili kuzuia barua taka. Ndiyo maana kompyuta inaweza kutuma vizuri ukiwa kwenye mtandao wa ofisi, ukahamia hotspoti ya simu ikakwama. Hakikisha pia kwamba seva ya kutuma imewekwa ithibitishe jina na nywila. Kwa kupokea, IMAP (njia inayoziacha barua kwenye seva) ni 993 na POP (inayozishusha kwenye mashine) ni 995.

Kuna barua inayokwama kwa sababu ya uzito. Wauza parachichi wa Rungwe na Njombe hutuma picha za mzigo, vyeti na orodha za maboksi katika barua moja. Gmail inaruhusu MB 25, lakini faili likiambatishwa hugeuzwa kuwa maandishi ili lisafiri, na mgeuzo huo huliongezea karibu theluthi ya uzito. Kwa hiyo kinachopita kwa uhakika ni kama MB 18. Mtu anaona picha zake ni MB 21, anaamini ziko ndani ya kiwango, zinarudi, anatuma tena, bando linaungua. Punguza ukubwa wa picha au uziweke kwenye hifadhi ya mtandaoni utume kiungo.

Barua kama hiyo ikikaa kwenye Outbox, folda ya barua zinazosubiri kutoka, huziba njia ya zilizo nyuma yake. Itoe hivi: kwenye Outlook washa "Work Offline" kwenye kichupo cha "Send/Receive", subiri kidogo, iburute barua hiyo hadi kwenye rasimu, kisha uzime "Work Offline". Usiifungue ikiwa bado ndani ya Outbox ili kuichungulia tu. Kwenye Outlook za zamani, barua iliyofunguliwa humo hupoteza mwandiko wake wa mlazo, na ikishapoteza haitoki hadi ubonyeze kutuma upya. Nimekuta zabuni imelala humo siku mbili kwa sababu hiyo, na mwenye nayo akiamini imeshafika.

Folda imevurugika baada ya umeme kukatika

Huku kwetu kuanzia Novemba radi na mvua hutembea pamoja, na umeme ukikatika programu ikiwa katikati ya kuandika faili, athari yake utaiona. Orodha ya barua inakuwa tupu, au idadi haieleweki, au unabonyeza barua ya mteja mmoja inafunguka ya mwingine. Inatisha, lakini kwenye Thunderbird mara nyingi barua zenyewe ni nzima.

Kila folda ya Thunderbird ina mafaili mawili. Moja halina mkia, linaitwa kwa mfano Inbox. Hilo ndilo lenye barua. Jingine ni Inbox.msf, ambalo ni faharasa tu, kama ukurasa wa yaliyomo kwenye kitabu. Kilichovurugika ni faharasa. Bonyeza folda kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Properties", kisha "Repair Folder". Ikishindikana, funga programu na ufute lile lenye .msf, litaundwa jipya ukifungua. Soma jina la faili mara mbili kabla ya kufuta, na kama mikono inatetemeka, lihamishie kwenye desktop badala ya kulifuta.

Kama akaunti ni ya IMAP, kutengeneza folda kunaweza kuzipakua barua zote upya kutoka kwenye seva. Folda ya GB 6 kwa bando la siku ni maumivu. Subiri uwe kwenye mtandao wa ofisi.

Outlook ina kifaa chake kinachoitwa SCANPST.EXE, kilichomo ndani ya folda ya Office. Kifungue programu ikiwa imefungwa, kielekeze kwenye faili la .pst, na ukubali kikutengenezee nakala kabla ya kurekebisha. Faili kubwa huchukua saa nyingi, kwa hiyo angalia salio la LUKU na chaji kabla ya kuanza. Kukatika katikati ya matengenezo ni kubaya kuliko tatizo lenyewe. Tangu Outlook 2010 kikomo cha kawaida cha .pst ni GB 50, na ukikikaribia programu inakuwa nzito hata bila kuharibika.

Programu ikigoma kufunguka kabisa, jaribu kuifungua bila viongezi. Outlook: bonyeza vitufe vya Windows na R, andika outlook.exe /safe. Thunderbird: shikilia Shift wakati wa kuifungua. Ikifunguka hivyo, mkosaji ni mojawapo ya viongezi. Vizime vyote, kisha uviwashe kimoja kimoja.

Kompyuta inazo, simu haina

Hii ndiyo POP ya kule Mafinga. POP huchukua barua na kuishusha kwenye mashine, na baada ya muda, mara nyingi siku 14, huifuta kwenye seva. IMAP huziacha kwenye seva na kila kifaa huziona. Ukihamia IMAP, ongeza akaunti ya IMAP pembeni ya ile ya POP, zote mbili zikae, kisha buruta barua za zamani kutoka POP kwenda IMAP folda moja baada ya nyingine. Hakikisha zinaonekana kwenye kivinjari. Angalia pia nafasi iliyopo, kwani Gmail ya bure ina GB 15 zinazogawanwa na picha na mafaili mengine. Ile ya POP iache ikae mwezi mzima kabla hujafikiria kuiondoa.

Barua imerudi na maneno mengi ya Kiingereza

Watu huifuta bila kuisoma, na mimi huwasihi waniwekee. Ndani yake mna namba ya tarakimu tatu. Ikianza na 4, seva ya upande wa pili inasema ngoja, na yako itajaribu tena yenyewe. Usitume mara ya pili. Ikianza na 5, imekataliwa. 550 mara nyingi ni anwani isiyokuwepo, basi tafuta herufi uliyokosea. 552 ni ujazo: kisanduku chake kimejaa au barua yako ni nzito. 535 inatoka kwenye seva yako mwenyewe, nayo ni nywila ya kutuma.

Ikiwa hairudi lakini mteja anasema haioni, mwombe aangalie kwenye barua taka. Ofisi zenye anwani ya .co.tz au .or.tz zimuulize aliyewawekea jina hilo kama rekodi za SPF na DKIM, zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwenu kweli, zimewekwa, kwa sababu tangu Februari 2024 Gmail inamtaka kila mtumaji awe na angalau moja ya hizo. Muulize pia ada ya jina inaisha lini. Jina likiisha muda, hakuna barua inayoingia kwa yeyote ofisini, na hakuna kitufe kwenye kompyuta kitakachoirudisha.

Kikao kimehama saa

Hapa ndipo lugha yetu na programu zinapogongana. Dada wa ofisi ya utalii Iringa alinieleza kwamba kalenda haimkumbushi. Nikakuta vikumbusho vyote vipo: kikao cha saa 3 asubuhi amekiandika 3:00 AM, yaani saa 9 usiku. Muda wa kengele ulifika kompyuta ikiwa imezimwa. Nenda kwenye mipangilio ya Windows uweke saa za mfumo wa 24. Saa 3 asubuhi itakuwa 09:00, saa 9 alasiri itakuwa 15:00, na macho yatazoea ndani ya wiki.

Ikiwa vikao vyote vimesogea kwa saa moja au mbili, tatizo ni ukanda wa saa. Kompyuta za mitumba na zinazotoka Dubai huja na ukanda wa kule, na Dubai iko saa moja mbele yetu. Mwenye nayo anaona saa haiko sawa, anairudisha nyuma kwa mkono, anaridhika. Saa ya ukutani na ya skrini zinafanana, lakini ndani kompyuta bado inaamini iko Dubai. Utaijua kwa barua iliyoingia sasa hivi kuonyesha muda wa saa moja mbele. Kwenye orodha ya Windows hutaona Dar es Salaam. Chagua (UTC+03:00) Nairobi, kisha iache saa ijirekebishe kwa intaneti. Thunderbird ina ukanda wake, Africa/Dar_es_Salaam, kwenye mipangilio ya kalenda.

Kalenda ikiwa kwenye kompyuta na kwenye simu haipo, kumbuka kwamba IMAP na POP hubeba barua peke yake. Ukiweka Gmail kwenye Outlook ya kawaida kwa IMAP, kalenda na anwani huandikiwa maneno "This computer only", na ndivyo zilivyo. Hukaa ndani ya lile faili la .ost nililosema hutengenezwa upya. Ukilifuta, barua zitarudi lakini vikao havitarudi. Hamisha kalenda kwenda faili la .ics, aina ya faili la kalenda linalosomwa na programu nyingi, kwanza, kisha uliingize kwenye kalenda ya mtandaoni, mara moja tu. Ukiliingiza mara mbili utapata kila kikao mara mbili. Thunderbird, ambayo tangu toleo la 78 la mwaka 2020 ina kalenda ndani yake, inaunganika na kalenda ya Google kwa CalDAV, njia ya kusafirisha kalenda kama IMAP ilivyo kwa barua, na ukiandika kikao upande wowote kinaonekana kote.

Wenye vikao na Ulaya, weka alama kwenye Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Sisi hatubadilishi saa, wao hubadilisha. Kikao cha 10:00 cha Uholanzi kwetu ni saa 6 mchana wakati wa baridi yao, na saa 5 asubuhi wakati wa joto lao. Kama mwaliko ulitoka kwao, kalenda yako itakisogeza yenyewe, na hapo usiirekebishe kwa mkono, iko sahihi. Kama ulikiandika mwenyewe kwa saa zetu, kitabaki saa 6 na utaingia wenzako wameshamaliza. Fungua kikao hicho, badilisha ukanda wake uwe Europe/Amsterdam, andika 10:00, na kalenda itafanya hesabu iliyobaki.